Kikapu cha Kemilembe

Kemilembe aliondoka nyumbani alfajiri ya siku senene waliporudi, na tangu hapo hayupo.

Sikumwona akitoka. Nilisikia mlango wa uani, kisha nikamsikia akimkaripia mbwa kwa sauti ya chini, "Wewe, nyamaza! Utawaamsha majirani waniwahi." Nikacheka peke yangu nikageukia ukutani. Nilijua anakokwenda. Kila familia kwetu ina mahali pake pa kuokotea senene, wale panzi wa kuliwa, na mahali hapo hapatajwi hata kwa ndugu. Pa kwake alipaonyeshwa na mama yake: kwenye uwanda wa nyasi ng'ambo ya kijito, chini ya mwamba mweupe. Mimi nilipajua kwa sababu nilimfuata siku moja tulipokuwa wachumba, akanitukana mpaka akaishiwa maneno.

Mke wa kwetu akiokota senene wa kwanza wa msimu huwakabidhi kwa mumewe, na mume humpa kitenge kipya. Cha Kemilembe kilikuwa tayari. Kilikuwa kimekaa sandukuni muda mrefu, kwa kuwa tangu miaka ya nzige senene hawakutua kwetu kwa wingi. Walipita wachache tu, wa kuchezewa na kuku. Mwaka huo, mwezi wa Novemba, mvua ilinyesha siku nzima, na jioni mbingu ikawa ya kijani juu ya taa za shule. Watu walipiga vigelegele kama wameona harusi.

Kabla jua halijatoka, majirani walianza kurudi na ndoo na mifuko. Byabato, jirani yangu wa kibanja cha chini, alipita na mkewe Kokutona, kila mmoja na mzigo.

"Ta Ishengoma," aliniita, "mkeo amehamia huko?"

"Anajaza gunia."

"Mwambie awaachie na wengine. Sisi nasi tuna wake wanaotaka vitenge."

"Wewe kitenge cha mwisho ulininunulia lini?" Kokutona akamuuliza, na wote tukacheka.

Jua likatoka. Likapanda juu ya migomba. Chai niliyomwekea ikapoa. Jua lilipoanza kuchoma nilichukua fimbo, nikamwita Byabato, tukaenda.

Tulimkuta chini ya mwamba mweupe, na nilimtambua kwa nguo. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho yamezama ndani. Alikuwa amelala kwa ubavu, mikono ameinyoosha mbele, na nilipoishika ili nimgeuze niliona kwamba vidole havikuwa na ncha. Vilikuwa vimekatwakatwa. Ngozi ilikuwa imebanduliwa hadi kwenye viganja, vipande vidogo vidogo, kama kazi ya mtu mvumilivu. Kikapu chake kilikuwa pembeni, mfuniko umefungwa kwa uzi wa mgomba. Ndani senene walikuwa hai, wakikwaruza.

Byabato alivua shati akamfunika uso.

"Nyuki," alisema. "Nyuki wa mwambani. Pole, Ta. Pole sana."

Niliangalia juu. Nyigu wawili watatu walikuwa wakizunguka juu ya nyasi. Sikuwajali. Hakuna mtu kwetu aliyekuwa akiwajali.

*

Nyigu wale tuliwaita mgambo. Kituo cha utafiti kiliwaleta baada ya nzige kuingia mara ya tatu. Asiyeyaona mambo yale hawezi kuyaamini. Nzige walikula kahawa, wakala majani ya migomba mpaka ikabaki vigogo, wakala nyasi za mapaa na nguo zilizoanikwa. Watoto walilia kwa njaa huku nzige wakitambaa juu yao. Tuliwala nzige wenyewe, lakini walikuwa wamepuliziwa dawa huko walikotoka, na waliowala waliumwa.

Kisha kituo kikajenga juu ya kilima chetu nyumba ya zege isiyo na madirisha, na wavu wa chuma mahali pa paa. Humo wakaweka mama wa mgambo. Kila mgambo alikuwa na ukubwa wa kidole gumba, mwekundu tumboni, na taya kama mkasi. Msimu mmoja ulitosha. Nzige walipotokea upande wa ziwa, mgambo walitoka kama moshi wakawashukia. Walianza kwa kuwakata miguu na mabawa, wakiwa bado hewani, kama sisi tunavyowanyonyoa senene. Vipande vilianguka juu ya mapaa mchana kutwa. Tulitoka nje tukacheza.

Kemilembe ndiye aliyekuwa akiwaamkia. Akikutana nao shambani alipiga magoti kidogo na kusema, "Shikamoo, afande," na wanawake wenzake wakacheka. Alikuwa rafiki wa Chiku, mtaalamu wa kituo, binti wa Kigogo aliyeishi peke yake kwenye chumba kilichounganishwa na ile nyumba ya zege. Alimpelekea ndizi, akamfundisha kuzipika. Chiku alikuwa akisema ndizi hazishibishi, kwamba mtu hawezi kusema amekula kama hakula ugali. Waligombana hivyo kila wiki na kila wiki Kemilembe alirudi na ndizi nyingine.

Chiku alituambia zamani kwamba mgambo hawagusi watu. Miaka yote hiyo hawakuwa wamemgusa mtu.

*

Kwetu mtu huzikwa kwenye kibanja chake, kati ya migomba aliyoipalilia. Kaburi la Kemilembe lilichimbwa karibu na tangi la kuoshea kahawa, mahali alipopenda kukaa. Ilikuwa mchana wa siku iliyofuata, jua kali, bila upepo. Watu walijaa mpaka kwenye njia. Wengi wao kucha zilikuwa za kijani, kwa maana walikuwa wamekesha wakinyonyoa. Msiba hauzuii senene kuoza, na Kemilembe mwenyewe asingetaka waoze.

Rwegasira, katekista wetu, alisoma sala. Alipomaliza, Ma Kyaruzi, mama mzazi wa Kemilembe, alisogea mbele akiwa amekumbatia kile kikapu. Mfuniko ulikuwa bado umefungwa kama mwanawe alivyoufunga.

"Mkwe wangu, simama upokee."

"Mama," nilimwambia, "amekwisha kufa."

"Ndiyo maana nakuambia upokee. Ameokota, hajakabidhi. Unataka mwanangu alale chini na mzigo mkononi?"

Hakuna aliyempinga. Kokutona alikimbia ndani akaniletea kitenge, akanitundikia begani. Kilikuwa cha rangi ya machungwa, na mikunjo ya sandukuni ilikuwa bado inaonekana. Nikasimama ukingoni mwa kaburi, nikanyoosha mikono.

Ndipo tuliposikia pikipiki ikiangushwa njiani. Chiku alikuja akikimbia kati ya migomba, bila viatu.

"Kikapu!" alipiga kelele. "Toeni hicho kikapu! Tokeni hapo wote, ingieni ndani!"

"Binti, hapa ni msibani," mzee mmoja alimwambia.

"Mfundisheni adabu huyo," Byabato akasema.

Chiku alimrukia Ma Kyaruzi kumnyang'anya. Vijana wawili wakamkamata wakamvuta nyuma. Alikuwa akilia na kutukana kwa Kigogo. Ma Kyaruzi hakumtazama hata kidogo. Alikata uzi kwa meno, akafunua, akaniwekea kikapu mikononi. "Pokea kazi ya mkeo," alisema.

Sauti ilikuja kama mvua inayotembea juu ya majani ya migomba. Watu kadhaa waliangalia juu kutafuta wingu.

Walimshukia Ma Kyaruzi kwanza, kwenye mikono. Alisimama akiitazama kama asiyejua ni ya nani. Ilikuwa nyekundu kwa mgambo mpaka kwenye viwiko, na kabla hajapiga kelele walikuwa wamemwingia mdomoni. Kisha walikuwa juu ya kila mtu aliyenyonyoa. Waliacha vichwa, waliacha migongo, wakatafuta vidole. Mtu aliyejifunika uso kwa mikono aliwaleta usoni. Mwanamke aliyemkumbatia mtoto wake aliwaleta kwa mtoto. Rwegasira alirudi nyuma akaangukia kaburini, juu ya jeneza, na walimfuata humo. Nilimsikia akigonga jeneza kwa visigino. Kokutona alikuwa akikimbia akiikung'uta mikono, na kila alipoikung'uta damu iliruka juu ya majani. Alijikwaa kwenye lundo la udongo wa kaburi. Hakuinuka.

Mimi nilikuwa nimeshika kikapu na walikuwa wakiniua. Sikufikiri. Nilikitupia kitenge, nikakizungusha, nikakibana kifuani, nikakimbia kuelekea tangi. Wingu lote likaja nyuma yangu. Mmoja aliingia katika jicho langu la kulia nikamsikia akifanya kazi. Nikajitupa majini na kikapu chini yangu, nikakaa huko mpaka kifua kilipotaka kupasuka. Nilipoinuka kuvuta hewa walikuwa wakizunguka juu ya maji, wengi, bila kujua waende wapi. Nikazama tena. Nilifanya hivyo mara nyingi. Jua lilipopungua waliondoka.

Jioni walioweza kushika jembe walirudi. Walimtoa Rwegasira kaburini. Kisha wakaniuliza kama nina neno. Nilikitoa kitenge majini, nikakikamua, nikakitandaza juu ya jeneza la Kemilembe. Alikuwa amekabidhi, nami nilikuwa nimempa. Tukafukia.

*

Kesho yake tulichimba makaburi matatu mengine: la Ma Kyaruzi, la Rwegasira na la Kokutona. Hatukukusanyika. Kila familia ilizika watu wake kabla jua halijapata nguvu, mikono imepakwa majivu kuficha harufu ya senene. Kisha jua lilipokuwa likishuka, saa mgambo wanaporudi kulala, nilimwona Byabato mlangoni kwangu. Mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa. Alikuwa na panga kwapani.

"Ta Ishengoma, tunakusubiri wewe."

"Wapi?"

"Kilimani. Tumemshika yule binti. Petroli ipo. Lakini kama ilivyo kwa udongo wa kaburi, mwenye msiba wa kwanza ndiye anayeanza. Inuka."

Nilikwenda. Jicho langu lilikuwa limefungwa kanga, na njia niliiona upande mmoja. Watu walikuwa wengi kuliko waliokuwa mazikoni. Mlinzi wa kituo alikuwa amekimbia. Pikipiki ya Chiku ilikuwa imekatwakatwa kwa mapanga, matairi, kiti, kila kitu. Madumu ya petroli yalikuwa yamepangwa kando ya ukuta wa zege, na ukutani nilisikia mvumo wa mgambo ndani, wa chini, kama mtu anayekoroma.

Chiku alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya taa. Meno ya mbele hayakuwepo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjwa chini ya kiwiko na ulining'inia vibaya.

"Nani amefanya hivi?" niliuliza.

"Mimi," Byabato alisema. "Na bado."

Nilimsogelea Chiku. Aliniangalia jicho moja, kisha kanga iliyofunga lile lingine.

"Shemeji," alisema. Aliniita hivyo kwa ajili ya Kemilembe. "Pole."

"Ulijua?"

"Nilijua nusu."

"Sema kwa sauti," Byabato alimfokea. "Sema wote wasikie!"

Akasema. Aliongea polepole kwa sababu ya mdomo. Mgambo, alisema, huwinda ile harufu aliyolishwa akiwa funza. Kituo kiliwalisha funza wa kwanza nzige waliosagwa, na kwa hiyo walipoota mabawa walijua nzige tu. Hawafundishwi kingine wakishakua, na hawasahau. Lakini nzige walipokwisha, mgambo waliwalisha watoto wao walichokipata. Kilichokaribiana na nzige kwa harufu ni senene wale wachache waliokuwa wakipita. Kizazi baada ya kizazi, harufu ya senene ikawa ndiyo chakula. Aliliona hilo msimu uliopita.

"Nilidhani watakula senene," alisema. "Sikufikiria mikono ya mwokotaji aliyekutwa na jua. Jana niliposikia jinsi vidole vya Kemilembe vilivyokuwa, ndipo nilipoelewa, nikaja."

"Ulichelewa," mtu mmoja alisema nyuma.

"Ndiyo. Nilichelewa."

Byabato alinisukumia kiberiti mkononi. "Umesikia mwenyewe. Washa."

Nilikishika. Watu walianza kumwaga petroli kwenye mlango. Harufu ilipanda, na mvumo wa ndani ukabadilika, ukawa juu zaidi.

"Mkiwasha mimi siwezi kuwazuia," Chiku alisema. "Ila nataka mjue mnachokiwasha. Mama wa mgambo wapo hapa tu. Hakuna mahali pengine penye mvua mwaka mzima panapowafaa. Hawa wa kwenu ndio wanaozaa wale wanaopelekwa Biharamulo, Geita, Shinyanga, mpaka kwetu Dodoma. Kule chini nzige wameanza kuanguliwa mchangani. Wiki iliyopita niliambiwa. Bila mgambo, mavuno haya hayapo."

"Hayo ni ya kwenu," Byabato alisema.

"Ni ya kwetu, ndiyo. Mwaka wa nzige mama yangu alichemsha ngozi ya kiti akatupa mchuzi wake. Mjomba aliuawa kwa debe la uwele. Aliyemuua alikuwa jirani, tulimwamkia kila siku. Alimpiga kwa mchi wa kinu, tukiwa tunaangalia, kisha akakaa palepale akatafuna uwele mbichi. Watu wa namna hiyo mtawarudisha."

"Kwa hiyo sisi tufe ili nyinyi mle uwele?"

Chiku alitema damu. "Ukiniuliza hivyo, ndiyo. Sijui namna nzuri zaidi ya kulisema."

Byabato alimpiga tumboni kwa ubapa wa panga. Nilimshika mkono. Alinigeukia na nadhani angenikata, maana hakuwa akimwona mtu, lakini vitambaa vya mikono yake viliteleza na panga likaanguka. Alinipiga ngumi kwenye jicho bovu. Nilianguka chini. Nilipokuwa chini nilikuwa bado nimekishika kiberiti, na watu wote walikuwa wakinisubiri mimi.

"Kuna njia nyingine?" nilimwuliza Chiku kutoka chini.

"Ipo stoo."

"Ni nini?"

"Dawa ya senene. Kituo kiliileta msimu uliopita, nilipowaambia nilichokiona. Waliagiza senene wote wa kilimani hapa wauawe wakitua, ili mgambo wabaki na nzige. Ukipiga misimu miwili mfululizo, hawarudi tena. Ndege wanaowala nao watakufa. Na dawa yenyewe si ya kumwagwa na eropleni. Ni ya pampu za mgongoni, alfajiri, pale wanapolala. Sisi wa kituo hatujui wanapolala. Mnajua ninyi."

"Kwa nini hukuitumia?"

"Mkeo alinikataza. Nilimwonyesha madumu. Aliniambia, 'Chiku, ukiwaua senene itabidi unieleze Novemba nitakuwa nani.' Nikafunga stoo. Nikaandika kwamba nimepiga."

Mwanamke mmoja alianza kulia, akaziba mdomo kwa mikono yake yenye majivu.

Nilikaa chini pale na nilimfikiria Kemilembe. Si alipokuwa chini ya mwamba. Nilimfikiria akimkaripia mbwa. Nikamfikiria na yule mtu aliyetafuna uwele mbichi, ambaye sijawahi kumwona. Nilitaka sana kuwasha. Nataka niliseme wazi: mkono wangu ulitaka kuwasha, na kama ingekuwa nyumba ile tu na sisi tu, ningewasha nikakaa kuota moto wake. Lakini kila nilipoutazama moto huo akilini niliuona ukifika mahali ambapo mtu mwingine anamfunika mkewe uso kwa shati.

Nilikitupa kiberiti kwenye dimbwi la maji ya mvua.

"Pampu zipo ngapi?" nikauliza.

Byabato alinijia. Alinipiga teke mbavuni, tena na tena, na hakuna aliyemzuia. "Hata wao?" alikuwa akisema. "Hata wao, Ishengoma? Kokutona wangu amekufa, mkeo amekufa, na sasa hata senene tuwaue? Tutabaki na nini sisi?" Kisha akaishiwa nguvu, akakaa juu ya dumu la petroli, na mikono yake ikaanza kutoa damu tena. Mtu fulani alimkatia Chiku kamba. Wengine walianza kuondoka. Hakuna aliyekubali kwa maneno, ila mlango haukuwashwa.

*

Alfajiri iliyofuata walikuja watu wachache, siku ya pili wakaja wengi. Kila familia ilikwenda mahali pake, pale ambapo haijawahi kumwonyesha mtu, na sasa walipaonyeshana bila kuficha. "Wapo pale kwenye bonde." "Na kule nyuma ya kanisa." Siri za mabibi zilitajwa kwa sauti kama mtu anayeelekeza choo.

Mimi nilikwenda mwamba mweupe. Nyasi zilikuwa zimelowa umande na kila unyasi ulikuwa na senene wake, wa kijani, wa kahawia, wengine wa zambarau, wamebana mabawa kwa baridi. Mahali alipoanguka Kemilembe nyasi zilikuwa bado zimelala. Nilipiga pampu. Dawa ilitoka nyeupe. Senene hawaruki wakiwa na umande. Walianza kutetemeka, kisha wakaanguka, na sauti ya kuanguka kwao ilikuwa kama ya mchele unaomwagwa kwenye ungo, muda wote, pande zote. Wengine walijikata miguu yao wenyewe kwa kurusha mateke. Niliwakanyaga kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuweka mguu.

Byabato alikuja nyuma yangu na pampu yake. Hakunisalimu. Alipiga upande wa kushoto, nikapiga upande wa kulia. Alipiga kwa nguvu kuliko mtu yeyote niliyemwona. Alipiga pale walipokuwa wameshakufa, akarudia, akalowesha udongo mpaka dumu likaisha, na bado aliendelea kuvuta mpini wa pampu tupu.

Jua lilipotoka yangeyange walishuka. Walikuja weupe wengi sana, wakala. Tuliwafukuza kwa mawe na hawakufukuzika, kwa kuwa hawakuwa wameona karamu kama ile kwa miaka mingi. Walianza kuanguka kabla hawajaondoka. Walizunguka juu ya mguu mmoja, shingo zikajipinda mgongoni, wakatapika kijani. Kunguru walifuata, kisha mwewe waliokula kunguru. Nyumbani niliwakuta kuku wangu wamekufa chini ya mbuni wa kahawa. Mbwa wa Kemilembe alikufa jioni. Nilimpiga jembe la kichwa ili asichelewe.

Mgambo walitoka jua lilipopata nguvu. Walizunguka juu ya mizoga bila kuigusa, kwa maana hawawindi kilichokufa. Nilisimama katikati yao na mikono yangu ya majivu. Mmoja alitua kwenye kidole changu, akakipapasa kwa vipapasio vyake, akaruka.

Tulipiga msimu huo. Mwaka uliofuata tukapiga tena, na kazi ilikuwa ndogo.

Chiku alihamishwa. Mkono wake haukunyooka. Baada ya mavuno ya kwao alituma magunia mawili ya uwele, moja langu, moja la Byabato. Byabato alilimwaga lake njiani, watu wakapita juu yake. La kwangu nililitwanga. Nilipika uji, nikaunywa wote. Si mtamu, una mchanga, na mtu akiunywa anashiba.

Nilipitia jana kwenye kaburi la Kemilembe nikalipalilia. Migomba inazaa vizuri. Yangeyange hawajaonekana. Ni Novemba, mvua imenyesha siku nzima, na jioni taa za shule zimewashwa. Watoto wanacheza mpira chini yake. Hakuna anayetazama juu. Kesho asubuhi tunapanda maharage.